Hati ya kunyonga: nani huisaini, inaandikwa nini, na familia ifanye nini kabla haijatoka

Redio ikitangaza kwamba fulani "amehukumiwa kunyongwa hadi kufa", nyumbani kwao msiba huingia siku hiyo hiyo. Jamaa huanza kuulizana mwili utachukuliwa lini. Kisheria mambo hayaendi hivyo. Kati ya maneno ya jaji na kitanzi kuna karatasi moja, na mpaka karatasi hiyo itoke hakuna mtu mwenye ruhusa ya kugusa uhai wa mfungwa. Mkuu wa gereza akimnyonga bila hiyo, atakuwa ameua kwa kukusudia kama muuaji mwingine yeyote. Barua zenu za mwezi huu zimeizungukia karatasi hiyo kwa njia nyingi, nasi tumetenga safu nzima kuzijibu.

Msomaji wa Tabora: Kaka yetu amehukumiwa kunyongwa na Mahakama Kuu wiki mbili zilizopita. Askari magereza alituonyesha karatasi yenye muhuri wa mahakama na jina la kaka. Je, hiyo ndiyo hati ya kunyonga? Tumeambiwa hakuna la kufanya tena.

Poleni sana, na tafadhali someni jibu hili leo, maana siku zinahesabika. Karatasi mliyoiona si hati ya kunyonga. Jaji akishatamka adhabu, Msajili wa Mahakama au ofisa mwingine wa mahakama husaini uthibitisho wa hukumu unaomtaja mfungwa kwa jina. Kazi yake ni kumpa mkuu wa gereza mamlaka ya kumpokea na kumshikilia, basi. Haimruhusu kufanya zaidi ya hapo.

Hati ya kunyonga husainiwa na Rais, tena baada ya rufani kuamuliwa au baada ya muda wa kukata rufani kupita bila mtu kukata. Kwa hiyo yapo ya kufanya, na la kwanza ni taarifa ya kusudio la kukata rufani kwenda Mahakama ya Rufani. Inatakiwa iwasilishwe ndani ya siku 30 tangu siku ya hukumu. Ndugu yenu hahitaji wakili kuiandika. Anamwambia mkuu wa gereza kwamba anataka kukata rufani, anajaza fomu, anasaini au kuweka dole gumba, na gereza linaipeleka mahakamani. Siku ya kumtembelea, ombeni kuiona nakala yenyewe na muangalie mambo matatu: jina lake limeandikwa sawasawa na lilivyo kwenye hukumu, namba ya kesi ni ile ile, na tarehe ambayo gereza liliipokea imeandikwa. Tarehe hiyo ndiyo itakayomwokoa endapo bahasha itachelewa njiani, kwa kuwa mfungwa hana namna ya kuipeleka mwenyewe.

Makosa yanayoharibu rufani nyingi ni madogo madogo. Taarifa inataja Mahakama Kuu ya mji mwingine. Jina la baba limeachwa. Tarehe ya hukumu imeandikwa tarehe ya kusomwa mashtaka. Makosa ya namna hii yamewahi kuifanya rufani iondolewe mahakamani kabla hata ya kusikilizwa, na mfungwa kulazimika kuanza upya kwa kuomba kuongezewa muda. Maombi hayo yapo kisheria na hupelekwa Mahakama Kuu, ila yanadai sababu ya msingi ya kila siku ya kuchelewa. Ni rahisi zaidi kusoma karatasi moja kwa makini sasa.

Mwanafunzi wa sheria, Mombasa: Naomba mnieleze hati yenyewe huandikwa nini. Vitabu vinaitaja tu bila kuifungua.

Swali zuri, na linastahili jibu refu. Kwa Kenya, anza na kifungu cha 332 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai. Tanzania Bara ina masharti yanayofanana nayo karibu neno kwa neno katika sheria yake ya jina hilo hilo, Sura ya 20. Rufaa ikishaamuliwa, jaji aliyesikiliza kesi humpelekea Rais nakala ya ushahidi uliorekodiwa pamoja na taarifa aliyoisaini, ambayo anaweza kuweka humo maoni au mapendekezo yake. Rais akishaipima, sheria inamtaka atoe moja kati ya karatasi tatu: hati ya kunyonga, amri ya kubadilisha adhabu, au msamaha. Yoyote kati ya hizo ina saini yake kwa mkono na muhuri wa Jamhuri.

Akichagua hati, sheria inataka itaje mahali na wakati wa kunyongwa, na itoe maelekezo ya mahali mwili utakapozikwa. Inaruhusiwa pia hati isitaje hayo moja kwa moja, bali imtaje ofisa atakayeyapanga. Akichagua kubadilisha adhabu, amri lazima iseme adhabu mpya ni ipi. Akichagua msamaha, lazima ielezwe kama ni msamaha huru au una masharti.

Hapo kwenye maziko ndipo wanafunzi wengi hupita haraka, na sisi tunaomba usipite. Hati hii inaagiza kifo cha mtu, kisha inaendelea kuumiliki mwili wake. Familia haina haki ya moja kwa moja ya kwenda kuuchukua. Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, alinyongwa katika gereza la Kamiti nchini Kenya tarehe 18 Februari 1957, baada ya Baraza la Faragha la London, lililokuwa mahakama ya mwisho ya rufaa kwa makoloni, kukataa rufaa yake, akazikwa humo humo gerezani bila alama. Mjane na watoto wake waliomba mabaki kwa miongo mingi. Huo ulikuwa utaratibu wa kawaida wa serikali ya kikoloni, na kifungu cha leo bado kinaacha mlango huo wazi.

Ukitaka kuona umbo kamili la maandishi, fomu inayojulikana zaidi ni ya India, Fomu Namba 42 iliyoambatanishwa na Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1973, iliyotumika huko hadi mwaka 2024. Tunaitaja India kwa sababu sheria za jinai za India ndizo Waingereza walizozitumia Afrika Mashariki kabla ya kuleta kanuni za adhabu mpya mwaka 1930, na harufu yake haijaisha. Fomu hiyo inaelekezwa kwa mkuu wa gereza la mahali fulani. Inamtaja mfungwa, kikao cha mahakama, kosa na kifungu chake, na adhabu aliyopewa. Inataja kwamba Mahakama Kuu imeithibitisha adhabu hiyo. Halafu inakuja sentensi ya kazi: unaidhinishwa na unatakiwa kuitekeleza adhabu kwa kumnyonga shingoni mpaka afe, siku fulani, saa fulani, mahali fulani, kisha uirudishe hati hii mahakamani ukiwa umeandika juu yake kuthibitisha kwamba adhabu imetekelezwa. Chini ni tarehe, muhuri na saini.

Kwa hiyo sehemu ni hizi: anayeagizwa, anayekufa, kosa na hukumu, uthibitisho wa mahakama ya juu, agizo, wakati na mahali, marejesho, na mamlaka inayosaini. Ondoa mojawapo uone kinachotokea. Bila jina la anayeagizwa, hakuna anayewajibika. Bila tarehe, mfungwa hajui ana siku ngapi za kwenda mahakamani. Bila marejesho, hakuna kumbukumbu kwamba aliyekufa ndiye aliyetajwa.

Muundo huu ni wa zamani. Hati iliyomuua Mfalme Charles wa Kwanza wa Uingereza iliandikwa tarehe 29 Januari 1649, ikasainiwa na makamishna 59, na ikaelekezwa kwa maofisa watatu wa jeshi. Iliamuru akatwe kichwa kesho yake, kwenye barabara ya wazi mbele ya Whitehall, kati ya saa nne asubuhi na saa kumi na moja jioni. Mmoja wa wale watatu, Kanali Francis Hacker, alinyongwa mwaka 1660 baada ya ufalme kurudi, kwa kuwa jina lake lilikuwa pale pale juu ya karatasi. Anayetajwa kwenye hati hubeba mzigo wake hata utawala ukibadilika.

Msomaji wa Kinondoni, Dar es Salaam: Mahakama imeshahukumu. Rais anasaini nini tena? Na kama hataki kusaini, si anavunja sheria?

Havunji. Hukumu inasema mtu ana hatia na adhabu yake ni ipi. Hati inaamua kama adhabu hiyo itekelezwe, lini na wapi. Sheria imeyatenga mambo hayo mawili kwa makusudi, kwani jaji wa kesi ya kuua kwa kukusudia hapa Tanzania hana chaguo. Kanuni ya Adhabu inampa adhabu moja tu. Hata akiona kwamba mshtakiwa alikuwa kijana aliyeburuzwa na wenzake, au mke aliyepigwa miaka kumi, mkono wake umefungwa. Anachoweza kufanya ni kuyaandika hayo kwenye ile taarifa kwa Rais. Mezani kwa Rais ndipo mazingira ya mtu yanapopimwa kwa mara ya kwanza.

Rais anafanya hivyo kwa ibara ya 45 ya Katiba. Ibara hiyo inampa uwezo wa kusamehe kwa masharti au bila masharti, kuahirisha adhabu kabisa au kwa muda, kuibadilisha iwe nyepesi zaidi, na kufuta adhabu yote au sehemu yake. Ipo kamati ya kumshauri kuhusu msamaha, ila uamuzi ni wake.

Sheria haikumwekea Rais siku ya mwisho ya kuamua, na hapo ndipo penye utata wote. Tangu katikati ya miaka ya 1990, wakati wa Rais Ali Hassan Mwinyi, Tanzania haijamnyonga mtu. Mwaka 2017, alipokuwa akimwapisha Jaji Mkuu Ibrahim Juma, Rais John Magufuli alisema hadharani kwamba asipelekewe orodha ya watu wa kunyongwa. Kenya haijanyonga tangu Julai 1987, walipouawa Kamiti Hezekiah Ochuka na Pancras Oteyo Okumu kwa uhaini wa jaribio la mapinduzi la 1982. Lakini mahakama zimeendelea kuhukumu, na watu wakaendelea kuingia kondemu, yaani sehemu ya gereza wanakowekwa waliohukumiwa kufa, bila kujua kama saini itakuja kesho au haitakuja kamwe.

Sisi tunaona hali hiyo ni mateso, na hatusemi peke yetu. Mahakama ya Juu ya Uganda, katika kesi ya Susan Kigula na wenzake, iliamua Januari 2009 kwamba mfungwa akikaa zaidi ya miaka mitatu tangu mahakama ya mwisho kuthibitisha adhabu bila uamuzi wa msamaha, adhabu yake ihesabiwe kuwa kifungo cha maisha. Kenya ilipita njia nyingine. Rais Mwai Kibaki alibadilisha adhabu za wafungwa zaidi ya 4,000 Agosti 2009. Uhuru Kenyatta akafanya hivyo kwa wafungwa 2,747 Oktoba 2016, na William Ruto naye akafuata mwaka 2023. Hizo ni amri za karatasi ya pili kati ya zile tatu tulizomweleza mwanafunzi wa Mombasa. Na Desemba 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya, katika kesi ya Francis Muruatetu, ikaondoa ulazima wa adhabu ya kifo kwa kosa la kuua. Tangu hapo jaji anaweza kupima.

Tanzania bado. Mwaka 1995 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Mbushuu, ilikubali kwamba adhabu ya kunyongwa ni ya kikatili na inadhalilisha, halafu ikasema Katiba inairuhusu kwa sababu ya maslahi ya jamii. Mwaka 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha iliamua, katika shauri la Ally Rajabu na wenzake, kwamba ulazima wa adhabu hiyo unakiuka haki ya kuishi na kwamba kunyonga kunavunja utu. Wanaotuuliza kama wanaweza kwenda Arusha wenyewe: Tanzania iliondoa tamko la kuruhusu watu binafsi kufungua mashauri moja kwa moja, na uamuzi huo ulianza kufanya kazi tarehe 22 Novemba 2020. Mashauri mapya ya mtu mmoja mmoja dhidi ya Tanzania hayapokelewi kwa njia hiyo.

Majirani wengine, kwa kifupi: Rwanda ilifuta adhabu ya kifo mwaka 2007, Burundi 2009. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilitangaza Machi 2024 kuondoa usitishaji wa kutekeleza adhabu hiyo uliokuwapo kwa miaka ishirini. Kwa familia zilizo na ndugu mikononi mwa mahakama za kijeshi huko, kimya cha zamani si kinga tena.

Msomaji wa Muscat: Ninafanya kazi na Wahindi. Wao husema "hati nyeusi". Ni kitu kingine? Na huku Ghuba utaratibu ukoje?

Ni ile ile Fomu 42. Imeitwa nyeusi kwa sababu ya mstari mweusi unaozunguka kingo zake. Tofauti kubwa na kwetu ni anayesaini. India, Rais huamua ombi la msamaha tu. Akishalikataa, hati yenyewe husainiwa na jaji wa mahakama iliyosikiliza kesi.

Kwa kuwa inatoka mahakamani, inaweza kupingwa mahakamani, na imepingwa sana. Mwaka 2015, katika kesi ya mwanamke aitwaye Shabnam na mwenzake, jaji wa wilaya alisaini hati siku sita tu baada ya Mahakama ya Juu kukataa rufaa zao. Muda wa kuomba mapitio ulikuwa haujaisha, wafungwa hawakuitwa kusikilizwa, na hati hazikutaja tarehe wala saa. Mahakama ya Juu ikazifuta. Ikasema mfungwa apewe taarifa kabla, awe na wakili, hati itaje siku na saa kamili, apewe nakala, na pawe na muda wa kutosha kati ya hati na siku ya kunyongwa ili atumie njia zilizobaki na aonane na jamaa zake. Mwaka mmoja kabla, mahakama hiyo hiyo ilikuwa imeweka siku 14 kati ya kuarifiwa kwamba msamaha umekataliwa na kunyongwa.

Masharti hayo yalionekana yakifanya kazi katika kesi ya ubakaji na mauaji ya Delhi ya mwaka 2012. Hati ya kwanza ilipanga tarehe 22 Januari 2020. Ikasogezwa tarehe 1 Februari, kisha 3 Machi, kisha 20 Machi, siku ambayo watu wanne walinyongwa gerezani Tihar. Sababu ya kusogea ni kwamba waliohukumiwa pamoja kwa kosa moja hunyongwa pamoja, na kila mmoja alikuwa akipeleka ombi lake la msamaha kwa wakati wake. Ombi la mmoja likiwa mezani, hati ya wote inasimama.

Huko uliko, Oman, hukumu ya kifo haitekelezwi mpaka iidhinishwe na Sultani. Saudi Arabia nako lazima itoke amri ya kifalme. Lakini kwenye kesi za kuua zinazohukumiwa kwa kisasi, warithi wa aliyeuawa wanaweza kusamehe, kwa diya (fidia ya damu) au bila diya, na msamaha wao huondoa adhabu ya kifo. Kama kuna ndugu yenu katika hali hiyo, jambo la kwanza ni kuarifu ubalozi kwa maandishi, mkitaja namba ya kesi, jina kama lilivyo kwenye pasipoti na gereza alipo. Mazungumzo na warithi yafanyike kupitia watu wanaoaminika pande zote mbili, na msamaha ukipatikana uandikwe na uthibitishwe mahakamani. Msamaha wa mdomo hautoshi.

Mama wa Mbeya: Mwanangu alishtakiwa akiwa na miaka kumi na saba. Kesi imechukua miaka minne, sasa ni mtu mzima. Wakili wa serikali anasema atahukumiwa kama mtu mzima. Ni kweli?

Hapana, mama. Kinachotazamwa ni umri wake siku kosa lilipotendeka, wala si siku ya hukumu. Aliyekuwa chini ya miaka 18 siku ile hapewi adhabu ya kifo, na hivyo hati ya kunyonga haiwezi kutolewa juu yake. Anawekwa chini ya ulinzi kwa muda ambao Rais ataona unafaa, jambo ambalo nalo ni zito, ila ni tofauti na kitanzi.

Tatizo ni uthibitisho. Kwenye mashtaka polisi huandika umri kwa kukadiria, na mara nyingi "mtu mzima" huandikwa ili kazi iishe. Umri usipopingwa mapema, unabaki hivyo hivyo kwenye jalada hadi rufani. Tafuta cheti cha kuzaliwa. Kama hakipo, leta kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, rejista ya shule ya msingi yenye saini ya mwalimu mkuu, na wewe mwenyewe uwe tayari kutoa ushahidi kwamba ulimzaa mwaka gani. Mpe wakili wa mwanao nakala, ubaki na za asili, na umwombe ayaseme mahakamani ili yaingie kwenye mwenendo wa kesi. Cheti kilichokatwa wiki moja kabla ya hukumu hutiliwa shaka, kwa hiyo kiambatane na kumbukumbu za zamani.

Kinga kama hiyo ipo kwa mwanamke mjamzito. Tanzania na Kenya zote mbili, akithibitika ana mimba, adhabu ni kifungo cha maisha. Mahakama haitaliibua jambo hilo yenyewe kama halionekani, kwa hiyo aseme, apimwe, na cheti cha daktari kiingie kwenye jalada.

Msomaji wa Kahama: Kuna mtu anasema ana jamaa Ikulu. Anataka milioni mbili azuie hati ya baba isipelekwe kwa Rais. Tumeshauza ng'ombe wawili.

Msimpe hata shilingi, na kama mmeshampa kitangulizi, nendeni polisi au TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, mkiwa na namba za simu na ujumbe wa muamala. Anachouza hakipo. Kumwandikia Rais kuomba msamaha ni bure, na hakuhitaji mtu wa katikati.

Ombi la msamaha huandikwa na mfungwa au kwa niaba yake, na hupitia kwa mkuu wa gereza. Kenya, ombi hilo lina kamati yake ya kikatiba chini ya ibara ya 133, ambayo Rais hufuata ushauri wake, na Mwanasheria Mkuu ni mjumbe. Kamati hiyo inaweza kusikiliza pia maoni ya waathirika wa kosa. Kwa hiyo kama ukoo wenu na ukoo wa marehemu mmeshakaa mkasuluhishana, barua ya wazee wa pande zote mbili ina uzito wa kweli, na tungeiambatanisha Tanzania vilevile.

Ombi zuri halirudii kesi. Wengi hujaza kurasa wakieleza kwamba shahidi wa tatu alidanganya. Hoja hiyo ni ya rufani, na ofisi inayosoma msamaha itaona mmekosea mlango. Andikeni jina kamili, namba ya mfungwa, gereza, mahakama na namba za kesi ya awali na ya rufani, na tarehe za hukumu zote mbili. Kisha elezeni umri wake sasa, afya yake mkiwa na taarifa ya daktari, miaka aliyokaa ndani, mwenendo wake kama gereza linavyoushuhudia, kazi au elimu aliyoipata humo, na nani atampokea akitoka. Malizeni kwa kusema waziwazi mnaomba nini: kubadilishiwa adhabu au kusamehewa. Kurasa mbili au tatu zinatosha. Wekeni nakala, na muombe barua ya kupokelewa.

Msisubiri kuambiwa kwamba hati imesainiwa ndipo muanze kuandika. Na kabla ya msamaha, muulizeni wakili kama kuna nafasi ya mapitio kwenye Mahakama ya Rufani. Maombi hayo hupelekwa ndani ya siku 60 tangu hukumu ya rufani, na sababu zake ni finyu: kosa lililo wazi kwenye kumbukumbu na lililosababisha haki kupotea, kunyimwa nafasi ya kusikilizwa, mahakama kukosa mamlaka, hukumu kuwa batili, au hukumu kupatikana kwa hila au ushahidi wa uongo. Kutoridhika tu na uamuzi hakutoshi.

Mzee wa Magu, Mwanza: Nimeletewa wito wa mahakama kuhusu deni la SACCOS. Mjukuu anayesoma sekondari amesoma Kiingereza chake akasema ni karatasi ya kuua. Nimeshindwa kulala.

Shikamoo mzee, na utulie. Wito wako ni wa kukazia hukumu ya madai. Kiingereza hutumia neno moja, "execution", kwa kunyonga mtu na kwa kutekeleza hukumu yoyote, hata ya deni la laki tatu. Hakuna anayekutishia uhai.

Ila usiupuuze. Nenda siku iliyoandikwa, kwani usipofika mahakama inaweza kuruhusu dalali wa mahakama akamate mali, au ikatoa amri ya kukuweka jela ya madai. Beba risiti zote za marejesho uliyokwisha kulipa na uombe zihesabiwe. Kama huwezi kulipa kwa mkupuo, pendekeza kiasi cha kila mwezi unachokimudu kweli. Na ujue kwamba nguo, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko, zana za fundi, na nyumba unayoishi na mke wako na watoto wanaokutegemea, sheria ya mwenendo wa madai imevikinga visikamatwe. Dalali akianza kuorodhesha vitu hivyo, mwonyeshe, na umwombe aandike kwenye orodha yake kwamba umepinga.